Batri ya Minova

Asifiwe Mungu Baba, anayetusikia bila antena na kutujibu bila batri. Asifiwe kwa kunifikisha uzee nikiwa bado na macho ya kusomea na akili ya kukumbuka, wakati wengi waliokuwa wema kuliko mimi walibaki njiani. Nikianza kusimulia bila kumshukuru, nitakuwa kama mtu anayeshika maikro na kusema kabla ya kusalimia, na mbele kidogo mtaona kwa nini kazini kwetu hilo lilikuwa kosa kubwa.

Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa ofisi mlinipa simu ya kisasa, mkaniingiza katika kundi la kazi. Ninawashukuru kwa moyo wote. Tangu siku ile, kila asubuhi napokea maua yasiyonukia, sala za watu nisiowajua, video za wanasiasa waliokatwa maneno katikati, na sauti za watu waliokasirika kabla ya kunywa chai. Mmoja wenu aliniuliza: "Papa Déo, wakati wenu, bila réseau, mulikuwa munaishi aje?" Nilicheka. Réseau, yaani mtandao, tulikuwa nayo. Iliitwa foni, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia, kwa sababu naona mmeirithi bila kuambiwa sheria zake.

Foni ilikuwa redio ya kuita na kuitikiwa. Sisi Bukavu tulikuwa na mashine moja, parokia na vituo vya afya vya mbali vilikuwa na zao, na wote tulikutana kwenye masafa mamoja. Alichosema mmoja kilisikiwa na wote. Hapakuwa na chumba cha pembeni cha kunong'ona. Kwa hiyo nasi tulikuwa kundi kama hilo lenu, ila hatukuonana sura, na hakuna aliyeweza kufuta alichokwisha kusema.

Nilianza kazi kabla ya vita, nikiwa nimetoka seminari bila kuwa padri, jambo lililomliza mama yangu kwa muda mrefu. Ofisi ilikuwa chumba kidogo nyuma ya majengo ya kanisa, dirisha likitazama ziwa, na waya wa antena ulifungwa kati ya miti miwili ya avoka. Kila msimu wa avoka tulikuwa na kazi ya ziada ya kuwashusha watoto waliopanda na kuchezesha waya. Mkubwa wa chumba alikuwa Papa Birindwa, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa koti la sufi hata jua lilipowaka. Alikuwa amefanya kazi ya telegrafu posta, zamani posta ilipokuwa posta.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa maikro. Alinipa kitambaa akaniambia nisafishe vichwa vya batri, nivipake vazelini, kisha nikae nisikilize. Kesho yake vilevile. Nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananifundisha kazi yenyewe, kwa maana foni ni kusikiliza kwanza, na kusema ni sehemu yake ndogo tu.

Aliponipa maikro hatimaye, nilibonyeza kitufe nikauliza kituo cha kwanza bei ya maharagi, maana ndivyo ekonomi, mtunza fedha wetu, alivyoniomba. Papa Birindwa akanishika mkono.

"Wee, kijana. Salimia kwanza. Haujue kama mutu ameamuka na maiti mu nyumba, na wewe unamuuliza maharagi."

Basi kila asubuhi tulipita kituo kwa kituo, kazi tuliyoiita kuzungusha, na neno moja: "Usiku ilipita aje?" Na kila mmoja alijibu kwa zamu yake: "Usiku ilipita salama," au hakujibu hivyo, nasi tukajua kuna jambo. Hatukuanza habari yoyote kabla wote hawajaulizwa. Vijana wa leo wangeona ni kupoteza batri. Sisi tuliona ndiyo kazi ambayo batri ilinunuliwa kwa ajili yake.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba kifo hakipiti hewani. Kituo kilichofiwa kilisema tu: "Bukavu, muende kwa jamaa ya fulani, mukae nao." Hapo tulifunga mashine, tukamchukua katekista, tukaenda nyumbani kwa watu, tukaketi kabla ya kufungua kinywa. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa amesimama, tena na sauti isiyo na uso. Kwenye kundi lenu nimeona picha ya marehemu ikifika kabla ya mjane kujua. Sitaki kulaumu. Ninasema tu nimeona.

Sheria ya tatu ilikuwa swali. Kituo kilipoleta habari nzito, Papa Birindwa aliuliza bila kupandisha sauti: "Uliona ao ulisikia?" Aliyeona alisimulia. Aliyesikia tu aliombwa kungoja. Watu walimcheka. Walimwita Papa Uliona. Hakujali.

Kisha ikaja vita, ile iliyobadilisha jina la nchi, na kabla hatujamaliza kuzika ikaja ya pili. Sitaisimulia, wengine wameisimulia. Nitasema tu ilivyofika katika chumba chetu. Benchi la nje lilijaa watu tangu asubuhi, wanaotaka kujua kama mtu wao yuko hai. Na hewani maneno yalibadilika. Watu waliokuwa wakiulizana hali ya mihogo walianza kuulizana mko upande gani. Huyu aliitwa msaliti, yule mgeni, yule mla-rushwa wa wanajeshi. Waliotukanana hivyo walikuwa wamebatizana watoto. Siasa ilipoingia kwenye masafa yetu haikubisha hodi, na kila mtu aliyesema "mimi sifanyi siasa" ndiye aliyeongea sana.

Kituo chetu cha Minova, kando ya ziwa, kilishikwa na Papa Ntaboba, mkulima na mwimbaji wa kwaya, mtu wa maneno machache. Nyumba ya foni yake ilikuwa nje kidogo ya soko, upande wa mlima. Askari walishika mji ule, na milimani juu walikaa vijana wenye silaha waliowapinga. Katikati yao alikaa yeye na mashine yake. Mwanamke alipokwama katika uchungu wa kuzaa, Ntaboba ndiye aliyeita Katana, kwa Masera Jeanne, sista muuguzi aliyeshika foni ya huko, ili mtumbwi wa mota utumwe. Ni watoto wengi sana waliozaliwa kwa sauti yake.

Huko milimani tulikuwa na kituo kingine. Aliyekishika alikuwa Mwalimu Safari, kijana mwenye moyo mzuri na ulimi mwepesi. Alipenda kuwa wa kwanza kutoa habari. Nadhani mnamjua mtu wa namna hiyo, kila kundi linaye.

Asubuhi moja, kabla hatujamaliza kuulizana usiku, Mwalimu Safari alikatiza.

"Bukavu, Bukavu, hapa milimani. Ndugu zangu, mukae macho. Ntaboba wa Minova anauzisha batu. Anaingia mu kambi ya basoda na kitu chini ya kitambaa, anatoka, anarudia tena. Anawapelekea majina yetu. À vous."

Hilo "à vous" ni kusema zamu ni yenu, na sauti zikapanda zote pamoja. Mmoja alisema alijua tangu zamani. Mwingine alimtetea kwa hasira, akitaja jina lake mara kwa mara. Mwingine aliuliza, "Ntaboba gani, wa kwaya?" na kujibiwa kwa jina kamili la ukoo na kijiji. Kuuzisha batu kwa basoda, yaani kuwasaliti watu kwa askari, lilikuwa neno la kuua. Kila mtu alijua kwamba vijana wa milimani walikuwa na redio ndogo na walitusikiliza kila asubuhi, kama wengine wanavyosikiliza muziki.

Papa Birindwa alifanya jambo ambalo sijaliona tena. Alivuta kiti, akabonyeza kitufe cha maikro na hakukiachia. Mjue kwamba kwenye foni, mwenye mashine ya nguvu akibonyeza, wengine wote hufunikwa. Mashine yetu ndiyo ilikuwa na nguvu kuliko zote. Akatoa rozari mfukoni mwa lile koti la sufi, akaanza: "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Alisali rozari nzima. Hakuharakisha fumbo hata moja. Nilitazama sindano ya batri ikishuka na mashine ikipata moto. Nilimwonyesha kwa mkono: Papa, batri inakufa. Alinionyesha kwa kidevu gari la padri lililokuwa uani. Nikaenda kutoa batri ya gari. Padri, aliyekuwa anajiandaa kwenda kusoma misa Nyantende, alinikuta nimeikumbatia.

"Déo, hiyo batri unaipeleka wapi?"

"Papa Birindwa anasali, mon père."

Alifikiri kidogo. "Basi nitaenda kwa mguu," akasema. Na akaenda.

Aliponiona nimeunganisha batri ya pili, Papa Birindwa alimaliza Salamu Maria ya mwisho, akafunika maikro kwa kiganja na kuniambia maneno ambayo ningependa myaandike ukutani mwa ofisi: "Jina la mutu likishaingia hewani, hata mwenye kulitetea analitaja tena. Kwanza wanyamaze. Kisha tutatafuta."

Wakawa wamenyamaza kweli. Ni vigumu kutukana mara baada ya rozari, ingawa nimewaona baadhi wakiweza. Akaachia kitufe, akaita kituo cha milimani kwa sauti ileile ya kila siku.

"Mwalimu. Neno la asubuhi. Uliona ao ulisikia?"

"Nilisikia, Papa."

"Kwa nani?"

"Kwa bafanya-biashara, walipanda kutoka soko."

"Na wao, waliona majina?"

"Waliona anaingia na kitu chini ya kitambaa."

"Kitu gani?"

"Hawakuona, Papa. Ilikuwa imefunikwa."

"Aksanti, Mwalimu. Baki kwa masafa, usizime." Kisha akaita wengine, kituo kwa kituo, na swali lilelile. Wote walikuwa wamesikia. Hata yule aliyesema alijua tangu zamani alikuwa amesikia asubuhi ile ile, kwa Mwalimu Safari.

Kabla zamu ya Katana haijafika, spika ilikoroma. Ilikuwa Minova.

"Bukavu... hapa Minova." Ilikuwa sauti ya Ntaboba, lakini kama ya mtu anayesema na mdomo uliovimba. Nyuma yake tulisikia watu wengi na kiti kikianguka. Vijana wa milimani walikuwa wameshuka. Uongo ulikuwa umefika Minova wakati sisi bado tunautafuta ulikotoka.

Nilidhani Papa Birindwa atapiga kelele. Alisema: "Minova, nakupata. Usiku ilipita aje?"

Kisha Ntaboba akajibu kama kawaida yake: "Usiku ilipita salama, Papa. Ni asubuyi njo mbaya."

Maikro ikanyakuliwa. Sauti nyingine, changa, yenye kuhema: "Mimi njo commandant wa hawa vijana. Wanasema huyu muzee aseme yeye mwenyewe kwa foni kama anauzisha batu, wote wasikie. Akisema, tunamaliza."

"Commandant, jambo," akajibu Papa Birindwa. "Mama yako hajambo?"

Nilifumba macho. Lakini yule kijana, bila kutaka nadhani, akajibu: "Hajambo."

"Mungu asifiwe. Commandant, kabla muzee hajasema, kuna mutu mumoja sijamuuliza. Nipe ruhusa nimuulize, na wewe usikilize. Katana, Katana, hapa Bukavu. Masera, neno la asubuhi. Uliona ao ulisikia?"

Masera Jeanne alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, na siku ile hakuipunguza. "Niliona! Macho yangu haya! Nilipita Minova na mutumbwi ya wagonjwa. Panneau solaire ya foni yake, ile ya jua, iliibwa. Mu Minova yote groupe, ile jenereta ya kucharger, iko mu kambi ya basoda tu. Kile kitu chini ya kitambaa ni batri ya foni! Anaipeleka inacharger, anairudisha. Na kitambaa, ni mimi nilimupa, juu mvua isiingie. Ni ya bluu, ina maua. Mutazame, iko hapo!"

Tulisikia vitu vikisogezwa Minova. Tulisikia mtu akisema, "Ni bluu." Mwingine akasema, "Maua iko."

"Masera," commandant akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto wa shule, "unaapa?"

"Siapi. Nimeona, nimesema."

Hapo Mwalimu Safari akaingia bila kuitwa. Alikuwa analia. "Commandant, hapa ni Mwalimu Safari wa milimani. Mimi njo nilisema. Sikuona kitu. Nilisema kitu sikuona. Kama munatafuta mutu, niko hapa kwa kituo, sikimbie."

Papa Birindwa alikuwa anageuza punje ya rozari kwa kidole, ileile moja.

"Tunamuacha muzee," commandant akasema mwishowe. "Lakini batri tunachukua. Na mashine." Kisha Minova ikazimika.

Ilizimika kwa majuma. Kila asubuhi Papa Birindwa aliiita katika zamu yake, kama vile ingejibu, akangoja kimya kwa muda wa jibu, akaendelea na kituo kinachofuata. Hatukujua kama yule kijana alishika neno lake. Maman Furaha, dada yake Ntaboba aliyekaa Bukavu, alikuja benchini kila siku na kikapu chake cha mboga, akakaa, akarudi. Hakuuliza. Alitazama tu uso wangu nilipotoka.

Siku moja nilitoka, nikamkuta amesimama na kikapu kimepinduka, mboga zote chini, na mbele yake mtu mwembamba aliyeshuka kwenye mashua ya mizigo. Alikuwa Ntaboba. Aliniita jina langu, lakini nilipomjibu aligeuza kichwa, akanielekezea sikio la kushoto. Sikio la kulia walikuwa wamelipiga. Halikusikia tena.

Papa Birindwa alimpokea, akamlisha, akamwacha apumzike. Kisha asubuhi moja aliinuka kutoka kiti chake na kusema: "Ntaboba, leo unazungusha wewe."

Alikataa. Alisema hawezi kushika maikro tena, kwamba mdomo wake ulichoka. Papa Birindwa hakumbembeleza. Alivua tu koti lake, jambo ambalo sikuwahi kuliona ofisini, akaliweka kwenye egemeo la kiti ili Ntaboba aegemee vizuri. Ntaboba akakaa. Akaweka kisikizio kwenye sikio la kushoto. Nilidhani ataanza na Katana, amshukuru Masera. Aliita milimani.

"Mwalimu Safari, Mwalimu Safari, hapa ni Ntaboba. Usiku ilipita aje? À vous."

Tulisikia kitufe kikibonyezwa kule, na kuachiwa. Kikabonyezwa tena, kikaachiwa. Ntaboba hakurudia swali. Aligeuza kichwa kidogo, sikio zima likielekea mashine, akangoja kama Papa Birindwa alivyotufundisha kungoja.

"Papa Ntaboba," ikaja sauti mwishowe, "nakupata muzuri. Usiku ilipita salama."

"Mungu asifiwe," akasema Ntaboba. "Katana, Katana..."

Yaliyofuata mnayajua. Simu za mkononi zilifika, kila mtu akawa na foni yake mfukoni na hakuna aliyezungusha asubuhi tena. Papa Birindwa alikwenda kwa Bwana, tukamzika na lile koti. Mimi nilihamia kompyuta, nikajifunza nanyi, na mlinivumilia. Vyombo vipya ni vizuri, sivisemi vibaya. Leo mwanamke wa Minova akikwama, mume wake anaita mwenyewe, na mtoto hangoji mtu wa kwaya. Nani asiyemshukuru Mungu kwa hilo?

Lakini mwezi uliopita, katika kundi letu, mmoja alituma sauti inayosema kwamba mwenzenu wa idara ya magari anafanya kazi kwa chama fulani na anapeleka majina. Kabla sijapata miwani yangu, kulikuwa na majibu mengi, mengine yakimshtaki, mengine yakimtetea, na yote yakitaja jina lake. Sikuwa na mashine ya kuwafunika. Niliandika tu: "Uliona ao ulisikia?" Mmoja alinijibu na kile kisura kinachocheka hadi machozi. Mwenye kushtakiwa hajaja kazini tangu siku ile. Mke wake amesema amekwenda kwa ndugu, hajui atarudi lini. Ndiyo sababu nimekaa kuandika haya, wakati mkono wangu ungependa kupumzika.

Ntaboba yu hai. Anakaa na dada yake, hana simu ya kisasa, hataki. Jioni ninapomtembelea huniomba nimsomee kundi lenu kwenye sikio la kushoto. Nilimsomea hili pia. Kisha aliniuliza jina la yule kijana wa magari, na kama kuna aliyemwita tangu siku ile kumuuliza alilalaje.

Nilimwambia sijui. Akanyoosha mkono kuelekea simu yangu. "Basi umuite," akasema. "Anza na salamu."

Nilimwita. Aliitikia.

Mungu akubariki wewe uliyesoma hadi hapa. Nyamuzinda, Mungu wa babu zetu na wa watoto wetu, akuwekee mlinzi mlangoni pa kinywa, aupitishe usiku wako salama, na asubuhi asikose kukuletea mtu wa kukuuliza ulilalaje, mwenye subira ya kungoja jibu lako. Amina.